Kununua Porsche Iliyotumika Yenye Rekodi ya Mizunguko Iliyozidi: Namna ya Kuisoma Ripoti Kabla ya Kutoa Pesa

Binamu yangu alipotaka kununua Porsche Cayman ya gia za mkono iliyokuwa ikiuzwa upande wa Casuarina, hapa Malindi, muuzaji alimwonyesha rangi, viti vya ngozi na magurudumu, lakini ripoti ya kompyuta ya injini hakuitaja hadi tulipoiuliza. Tuliposema kwamba tungependa fundi aisome kabla ya mazungumzo ya bei, alikubali bila kinyongo, nami namshukuru kwa hilo, kwa sababu wengi hukataa. Ripoti ilipotoka ilionyesha kwamba injini ile iliwahi kuzungushwa kupita kiwango chake, na binamu yangu alitaka kurudi nyumbani papo hapo. Naandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliye katika hali kama hiyo, kwa kuwa ripoti ya namna ile haitoshi kumfanya mtu akimbie, wala haifai kupuuzwa.

Kwanza ieleweke ni jambo gani hasa linalorekodiwa. Injini ya Porsche ina kizuizi cha mizunguko, yaani dereva akikanyaga mafuta hadi sindano ifike kwenye mstari mwekundu, kompyuta hukata mafuta na injini hukataa kupanda zaidi. Kugusa kizuizi hicho hakuidhuru injini, kwa sababu kimewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Madhara huja kwa njia ya gia. Dereva aliye katika gia ya tatu, sindano ikiwa juu kabisa, anakusudia kuingia ya nne, lakini mkono wake unavuta upande wa kushoto na gia inaangukia ya pili. Akiachia klachi, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hapo kompyuta haina la kufanya, kwa kuwa kukata mafuta hakuwezi kuzuia gari lenyewe lisiisukume injini.

Uzito wa jambo hili uko katika hesabu rahisi. Nguvu inayoivuta pistoni na koni rodi, ule mkono unaoishika pistoni, hukua kwa mraba wa mizunguko. Injini iliyotoka mizunguko 7,200 kwa dakika hadi 9,000 imeongeza kasi kwa robo tu, lakini nguvu zinazoivuta zimeongezeka kwa zaidi ya nusu, takribani asilimia 56. Springi za valvu hushindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, pistoni huweza kuigonga valvu ambayo haijafunga, na boliti za koni rodi huweza kuvutika na kurefuka kidogo bila mtu kusikia chochote. Valvu iliyopinda hujionyesha mapema. Boliti iliyorefuka ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu inaweza kukaa kimya.

Gari za gia otomatiki, ziwe za Tiptronic au PDK, haziwezi kuingia katika kosa hilo kwa urahisi, kwani gia yenyewe hukataa amri ya kushuka ikiona mizunguko itapita kiasi. Kwa hiyo ukaguzi huu ni wa lazima zaidi kwa gari za gia za mkono, ambazo ndizo wapenzi wa gari za spoti huzitafuta.

Ili kuipata ripoti, fundi huchomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, upande wa dereva. Wakala rasmi, aliye Nairobi, hutumia mashine ya Porsche iitwayo PIWIS, na mafundi wa kujitegemea wengi duniani hutumia programu ya Durametric, ambayo pia husoma takwimu hizi. Mashine ya kawaida ya kusomea hitilafu, zile ndogo zinazouzwa kila mahali, hazizioni, kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba "kompyuta imesomwa na haina kosa" anaweza kuwa anasema kweli na bado hajajibu swali lako. Ukiwa Malindi huenda ukalazimika kuendesha kilomita kama 120 hadi Mombasa kumfuata fundi mwenye mashine inayofaa. Nenda. Ni safari ya asubuhi moja, na injini ya Porsche ikifa, bei ya kuifungua huweza kukaribia bei ya gari lenyewe.

Katika gari za 986 na 996, yaani Boxster na 911 za miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, ripoti huonyesha viwango viwili tu. Cha kwanza ni cha kugusa kizuizi, na cha pili ni cha injini kuzidishwa na gia. Kuanzia kizazi kilichofuata cha 997 na 987, yaani 911 mpya zaidi pamoja na Boxster na Cayman, viwango vikawa sita, na mipaka yake hutofautiana kwa modeli. Kwa jumla, mafundi huvichukulia viwango vitatu vya chini kuwa matumizi ya kawaida ya gari la spoti, nao huanza kukunja uso kuanzia cha nne kwenda juu. Kila kiwango kina namba mbili, nazo ni idadi ya cheche za plagi zilizowaka injini ikiwa katika kiwango hicho, na saa ya injini, yaani jumla ya saa ilizokuwa imefanya kazi tukio la mwisho lilipotokea.

Hapo kwenye cheche ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Tulikuwa tumesimama chini ya mwarobaini katika ua wa karakana, kompyuta ya fundi ikiwa juu ya kiti cha abiria, na binamu yangu akaona kiwango cha kwanza kimeandikwa 4,312. Alidhani gari limetendewa vibaya mara elfu nne na mia tatu. Sivyo. Injini ya silinda sita huwasha mara tatu kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 7,200 kwa dakika huwasha mara 360 kwa sekunde moja. Cheche 4,312 ni kama sekunde 12 tu za kugusa kizuizi katika maisha yote ya gari. Kiwango cha nne kilikuwa na cheche 64, ambazo kwenye mizunguko 8,000 hazifiki hata robo ya sekunde, na viwango vya tano na sita vilikuwa sifuri. Yaani mtu alikosea gia, akahisi gari limeshtuka, akakanyaga klachi upesi.

Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka kidole kwenye safu ya pili. "Mwanangu," alimwambia binamu yangu, "angalia saa." Tukio la kiwango cha nne lilikuwa limeandikwa saa 611, na injini kwa wakati ule ilikuwa imeshafanya kazi saa 1,438. Maana yake ni kwamba baada ya kosa lile injini ilikuwa imefanya kazi zaidi ya saa 800 bila kufa, na hilo ni ushahidi mzito kuliko maneno ya mtu yeyote. Tukio hilo hilo lingekuwa la saa 1,430, yaani wiki chache kabla ya gari kutangazwa kuuzwa, ushauri wangu ungekuwa tofauti kabisa. Kumbuka pia kwamba saa inayoandikwa ni ya tukio la mwisho katika kiwango husika. Yaliyotangulia yamejificha ndani ya idadi.

Saa hizo zina faida nyingine ambayo hapa Kenya naiona kubwa mno, kwa sababu kuchezewa kwa mita ya kilomita ni ugonjwa wa soko letu. Gawanya kilomita zilizo kwenye dashibodi kwa saa za injini. Cayman ile ilikuwa na kilomita 61,000, na jibu likawa kilomita 42 kwa saa, wastani unaoaminika kwa gari lililotembea mjini na barabara kuu. Ukipata kilomita 17 kwa saa, ama gari limeishi kwenye foleni, ama mita imerudishwa nyuma. Ukipata 150, basi kompyuta ya injini si ya gari hilo, na ripoti yote haina thamani. Gari likiwa limetoka Uingereza, hakikisha kwanza kama dashibodi inasoma maili au kilomita. Na ikiwa kiwango cha tano kina cheche ilhali cha tatu ni sifuri, omba isomwe upya, kwa sababu injini haiwezi kufika juu bila kupita chini.

Ripoti ikionyesha viwango vya juu, usiamue kwa karatasi peke yake. Agiza kipimo cha uvujaji wa silinda, ambapo hewa ya kompresa huingizwa kupitia tundu la plagi huku valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefungwa. Hewa ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi vizuri. Ikisikika upande wa kuingizia hewa, valvu ya upande huo ndiyo yenye kasoro. Ikitoka kwenye mdomo wa kutilia oili, ringi za pistoni zimechoka. Linganisha silinda zote sita. Uvujaji wa chini ya asilimia 10 ni mzuri, na silinda moja inayoachana sana na wenzake hainipendezi hata kama tarakimu yake si kubwa. Plagi za injini hii ziko ubavuni, kwa hiyo kazi huchukua muda, na mlipe fundi kwa muda huo bila kumharakisha.

Kisha filta ya oili. Itolewe, karatasi yake ikunjuliwe juani, na ipitishwe sumaku. Chembe zinazonata ni za chuma, na zinazong'aa bila kunata huenda ni za alumini au beringi. Vumbi jembamba sana si jambo geni, lakini vipande unavyoweza kuvihisi kwa ncha ya kidole ni sababu ya kuondoka.

Muuzaji anayekataa vipimo ambavyo wewe ndiye unayevilipia, muage kwa heshima. Anayekubali, jadiliana naye kwa ripoti mkononi, maana rekodi ya kiwango cha nne hushusha bei hata injini ikiwa nzima: mnunuzi wa baada yako naye ataiuliza. Itajwe ndani ya mkataba wa mauzo pamoja na saa za injini za siku hiyo, na nakala iliyochapishwa uiambatishe. Rekodi za umiliki zitafutwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla pesa hazijatoka, na jina lililo kwenye logibuku liwe la mtu unayemlipa.

Binamu yangu alilichukua gari lile kwa bei iliyopunguzwa. Alibadilisha oili siku ya kwanza, akaibadilisha tena baada ya kilomita 1,000, na mara ya pili tuliifungua filta pamoja. Karatasi ilikuwa nyeusi kwa oili, sumaku ikatoka safi.