SOMO: Pima intaneti yako kabla ya kumgombeza fundi

Wiki hii nimeulizwa mara sita: "Nimelipia 20, mbona napata 2?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Jua ulichonunua. Kampuni huuza megabiti kwa sekunde (Mbps). Kompyuta ikipakua faili hukuonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8, basi 20 ukigawa kwa 8 ni 2.5. Ukiona 2.3, hujaibiwa.

2. Zima televisheni, simu za watoto, apdeti za Windows.

3. Fungua tovuti ya kupima kasi, upime kwa waya, kompyuta imechomekwa kwenye ruta. Nyumba zetu za Mkomani, hapa Lamu, ni za mawe ya matumbawe, ukuta unakaribia dhiraa. Ruta iko dakani, wewe umelala chumba cha ndani kabisa: hapo unapima ukuta. Waifai ya masafa ya 5 GHz huishia ukutani, ya 2.4 hupenya zaidi ila ni ya polepole.

4. Zima ruta kwenye umeme, subiri nusu dakika, washa. KWENYE UMEME. Kile kitundu cha nyuma chenye neno "reset" usikiguse! Mimi nilikichoma kwa pini nikidhani ndiyo kuzima na kuwasha. Kikafuta kila kitu, pamoja na jina na nywila ambazo ruta hutumia kuingia kwa kampuni, nami sikuwa nimeziandika popote. Siku tatu bila intaneti, na fundi alipokuja nikamlipa ya boti juu. Ziandike karatasini leo, na hata baada ya hapo usikiguse.

5. Pima asubuhi, alasiri na saa tatu usiku. Piga picha ya skrini kila mara.

6. Soma tangazo lao upya: "HADI 20". Neno hilo ndilo mlango wao wa nyuma. Lakini ukipata 4 kila usiku kwa waya, una haki ya kulalamika, na picha ndizo ushahidi. Wasipokujibu, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

MASWALI

— Kaka, nimelipia 20 napata 2, nifanyeje?
— Hatua ya 1.

— Nimesoma. Hata kipimo chenyewe chasema 2.
— Kwa waya?
— Kwa simu, niko darini.
— Hatua ya 3.

— Wewe walipwa na kampuni?
— Ningelipwa nisingelipia boti ya fundi.

— Shikamoo mwalimu. Dukani kuna ruta imeandikwa AC1200. Nikiinunua nitapata 1200?
— Marahaba mwanangu, swali zuri. Wamejumlisha 300 ya masafa ya 2.4 na 867 ya 5 GHz, kisha wakapandisha. Simu yako hutumia masafa mamoja kwa wakati, na hizo ni namba za karatasini. Geuza boksi uangalie matundu ya waya: kwa ruta nyingi za bei rahisi yana mwisho wa Mbps 100 tu. Kwa kifurushi cha 20 yatosha, baki na uliyo nayo.

— Na diski yangu ya 1 TB yaonyesha GB 931, nimepunjwa?
— La. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1024. Diski ni ileile.

— Mie nina flashi ya 2 TB, nimeinunua shilingi mia nane.
— Hiyo sasa umepunjwa: nafasi yake halisi ni ndogo kuliko iliyoandikwa. Ijaze kwa programu ya H2testw uone data inapoanza kupotea. Picha za harusi usiziweke humo.
— Nishaziweka.
— Zinakili kwingine leo, kabla ya kuijaza.