Många au mycket: kutaja wingi kwa Kiswidi bila kuhesabu nywele za watu

Asubuhi moja nilikuwa namchana bibi mmoja kwenye makao ya wazee hapa Göteborg. Kazi ilikuwa bado ngeni kwangu, na nikaona nimsifu kidogo. Nikamwambia: "Du har många hår", nikidhani nasema ana nywele nyingi. Akanitazama kwenye kioo, akauliza: "Har du räknat dem?" Yaani, umezihesabu?

Kosa lile nililitoa nyumbani kwenye Kiswahili chetu. Sisi -ingi hufuata ngeli tu: watu wengi, maji mengi, sukari nyingi. Haijali kama kitu kinahesabika. Kiswidi kinaanzia hapo hapo. Kama unaweza kuhesabu moja, mbili, tatu, ni många: många bilar, magari mengi. Kama huwezi, ni mycket: mycket vatten, maji mengi.

Taabu ni kwamba Mswidi na wewe hamkubaliani sana juu ya kinachohesabika. Nywele kwetu ziko katika wingi. Kwao hår iliyo kichwani ni kitu kimoja, kwa hiyo mycket hår. Ukisema många hår umetaja unywele mmoja mmoja. Watu ni många människor, lakini neno folk, ambalo nalo ni watu, linataka mycket: mycket folk. Pesa, pengar, zina sura ya wingi kabisa, na bado husemwa mycket pengar. Viazi ndani ya sahani ni mycket potatis. Samani, möbler, zinahesabika: många möbler. Mimi niliacha kukisia. Nikipata nomino mpya naiandika daftarini pamoja na neno lake la wingi, kama vile ninavyoiandika na en au ett yake, yaani ngeli mbili za nomino za Kiswidi.

Swali nalo linafuata njia hiyo: hur många, hur mycket. "Ngapi" yetu hutuponza dukani. Ukiuliza bei, sema "Hur mycket kostar det?" hata kama jibu litakuja kwa kronor zinazohesabika. Hur många utaitumia ukitaja kronor zenyewe: "Hur många kronor?" Na usishangae ukimsikia mtu mkahawani akiagiza "två kaffe". Anahesabu vikombe, hahesabu kahawa.

Tukiwa kwenye vikombe: hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu kuliko pengine pote. Kikombe cha kahawa, glasi ya maji, kilo mbili za viazi. Tumezoea kufunga maneno mawili kwa cha, ya au za, basi ulimi unatafuta av, "ya" ya Kiswidi. Uuzuie. Ni en kopp kaffe, ett glas vatten, två kilo potatis. Hakuna kitu katikati.

Ukitaka kulinganisha, mycket inazaa mer, många inazaa fler. Mer kaffe, kahawa zaidi; fler stolar, viti zaidi. Kupungua ni mindre kaffe, färre stolar. Angalia herufi moja tu: "Jag har fler vänner än du" ni marafiki zaidi yako; "Jag har flera vänner i Malmö" mara nyingi ni marafiki kadhaa, hakuna anayeshindana na mtu.

Kwa uchache, lite ni ya visivyohesabika: lite mjölk, maziwa kidogo. Få ni ya vinavyohesabika, ila katika mazungumzo inasikika kama kitabu. Wenzangu kazini husema inte så många, si nyingi sana, nami nawafuata. Pia usichanganye lite na liten. "Kidogo" na "-dogo" kwetu ni ndugu wa karibu, lakini lite mat ni chakula kidogo, na ett litet barn ni mtoto mdogo (litet ni liten ikifuata ett).

Sasa -ote. All mat, allt vatten, alla barn: en, ett, wingi. Siku nzima ni hela dagen, na hapo nomino lazima ivae mkia wake wa -en au -et. Siku zote ni alla dagar. Kila siku ni varje dag, na varje ni zawadi kwetu: kama kila, haibadiliki hata kidogo, na nomino inabaki umoja.

Kukosa kitu kuna mtego mmoja. Ingen mjölk, inget bröd, inga ägg: hakuna maziwa, hakuna mkate, hakuna mayai. Mpangilio ni uleule. "Jag köpte inget bröd", sikununua mkate, ni sawa. Lakini kitenzi kikiwa na kisaidizi, ingen na nduguze wanakaa vibaya. Husemi "Jag har köpt inget bröd". Unavunja neno vipande viwili: "Jag har inte köpt något bröd." Inte inakaa baada ya har, något inabaki na mkate.

Limebaki lagom, kiasi cha kutosha, si zaidi wala si pungufu. Halibadiliki kwa lolote: lagom mycket, lagom många, au lagom peke yake. Yule bibi alinifundisha kwa kahawa. Kila asubuhi namimina, nauliza "Lite mer?", naye anafunika kikombe kwa kiganja: "Nej tack, det är lagom."