Somo: Kuchagua jukwaa la seva ya Minecraft kati ya Paper, Fabric na NeoForge

Vijana wa mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga, wana seva ya Minecraft inayokaa kwenye kompyuta moja ya mezani yenye RAM ya GB 8. Ndani ya seva hiyo wanajenga upya magofu ya Tongoni: msikiti, makaburi ya nguzo, na kuta ambazo wamezipandisha kwa matofali ya matumbawe yaliyokufa, kwa sababu tumbawe la mchezoni likiwekwa mbali na maji hufa na kugeuka kijivu, na kijivu hicho ndicho walichokiona kinakaribia zaidi rangi ya mawe ya kule. Nimelitaja hilo mwanzoni ili msomaji ajue tunalinda nini. Programu ya seva, yaani jukwaa, inaweza kubadilishwa ndani ya dakika chache, lakini kazi ya miezi ya watoto ikipotea haina pa kununuliwa, na kwa hiyo swali la jukwaa lipi linafaa ni lazima lijibiwe mapema, kabla dunia yenyewe haijawa kubwa.

Hatua ya kwanza: hesabu vifaa vya wachezaji

Kabla ya kupakua chochote, chukua daftari uandike kila mchezaji anatumia kifaa gani. Minecraft ina aina mbili ambazo haziunganiki zenyewe kwa zenyewe: ya Java, inayochezwa kwenye kompyuta, na ya Bedrock, ambayo ndiyo iliyo kwenye simu. Majukwaa yote ninayoyalinganisha katika somo hili ni ya Java. Daftari letu lilionyesha kwamba wengi wana simu tu, na jambo hilo peke yake lilimaliza nusu ya mjadala.

Mwenye simu anaweza kuingia kwenye seva ya Java kwa kupitia Geyser, ambayo hukaa katikati na kutafsiri mawasiliano ya Bedrock kuwa ya Java papo hapo, ikisaidiwa na Floodgate, inayomruhusu mchezaji kuingia bila kuwa na akaunti ya Java. Hata hivyo Geyser inavijua hasa vitu vya mchezo wa asili. Ukiweka modi inayoleta mashine mpya au wanyama wapya, usitegemee kwamba simu itavionyesha, na mwenye kompyuta naye atalazimika kuweka modi hiyo hiyo kwenye kompyuta yake ndipo aweze kuingia.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya plagini na modi, na ningeomba msomaji asiipite haraka. Plagini huwekwa kwenye seva peke yake, na mchezaji huingia na mchezo wake wa kawaida: kinachobadilika ni kanuni, kwa mfano nani anaruhusiwa kuvunja ukuta wa nani, wala si vitu vyenyewe. Modi hugusa undani wa mchezo na inaweza kuongeza vitu ambavyo havikuwapo kabisa. Zipo modi za upande wa seva tu, kama Lithium ya Fabric inayoharakisha hesabu za mchezo, ambazo mchezaji hahitaji kuwa nazo, lakini modi nyingi zinazopendwa na vijana si za namna hiyo.

Hatua ya pili: ufahamu ukoo wa majukwaa

Upande wa plagini ulianza na Bukkit mwaka 2010. Mwezi Septemba 2014 mmoja wa wachangiaji wake alitumia sheria ya hakimiliki ya Marekani kuzuia usambazaji wa CraftBukkit, programu ya seva ya mradi huo, kwa hoja kwamba msimbo wake wa leseni huru ulikuwa umechanganywa na msimbo usio huru wa Mojang, watengenezaji wa Minecraft. Mambo ya kisheria kama haya huonekana yako mbali nasi, lakini athari yake utaiona mezani kwako: Spigot, iliyotokana na CraftBukkit, haikupi faili lililokwisha tengenezwa bali programu ya kulitengeneza mwenyewe, na Paper, iliyotokana na Spigot mwaka 2014, hupakua kwanza faili la Mojang na kulitia marekebisho yake inapowashwa mara ya kwanza. Kwa hiyo usiiwashe mara ya kwanza ukiwa umeishiwa bando.

Mwezi Desemba 2024 Paper ilitangaza kwamba inajitenga na Spigot na kufuata njia yake. Plagini nyingi za Spigot bado zinafanya kazi kwenye Paper, ila kinyume chake hakina uhakika, na ndiyo maana sioni sababu ya anayeanza leo kuanza na Spigot. Purpur ni tawi la Paper lenye mipangilio mingi zaidi. Folia, ya wenyewe watu wa Paper, hugawa dunia katika maeneo yanayohesabiwa sambamba, lakini watengenezaji wake wanaielekeza kwa mashine zenye prosesa ya kori (vitengo vya hesabu) 16 au zaidi na si kila plagini hufanya kazi humo. Kwa kompyuta ya mtaani tuiache.

Upande wa modi, Forge ni ya tangu mwaka 2011, Fabric ilitoka mwaka 2018 ikiwa nyepesi na yenye haraka ya kufuata matoleo mapya, na NeoForge ilijitenga na Forge mwaka 2023 ikiondoka na sehemu kubwa ya waliokuwa wakiitunza. Modi ya Fabric haiingii NeoForge hivi hivi, wala ya NeoForge haiingii Fabric, isipokuwa mwandishi wake ametoa faili la kila upande.

Hatua ya tatu: fanya jaribio lenye haki

Watu wengi hulinganisha majukwaa kwa kusikia, na kila mmoja husifu lile alilozoea. Sisi tulipima, na ninashauri kila mwenye seva apime kwenye mashine yake mwenyewe, kwa dunia yake mwenyewe.

Weka Java 21, ambayo inahitajika kuanzia toleo la 1.20.5 hadi mfululizo wote wa 1.21. Tengeneza folda tatu, moja kwa kila jukwaa, zote za toleo moja la mchezo, na uwashe kila moja kwa amri ile ile:

java -Xms4G -Xmx4G -jar seva.jar nogui

Badala ya seva.jar weka jina la faili lako; NeoForge yenyewe huwashwa kwa hati inayotengenezwa wakati wa kuisakinisha, na kiasi cha RAM huandikwa kwenye faili la user_jvm_args.txt. Mara ya kwanza seva itajizima ili usome masharti na kubadili neno false kuwa true kwenye faili la eula.txt. Kisha weka kwenye kila folda nakala ya dunia yako, kamwe usiweke dunia yenyewe, na uhakikishe kwamba view-distance (umbali unaoonekana) na simulation-distance (umbali unaohesabiwa) kwenye server.properties ni namba zile zile kwa zote tatu. Sisi tulitumia 8 na 6.

Seva ya Minecraft hupiga mapigo 20 kwa sekunde, na kila pigo lina milisekunde 50 za kumaliza kazi zake zote: kusogeza wanyama, kukuza mimea, kuhesabu mitambo. Kazi ikizidi milisekunde 50, mapigo hupungua na wachezaji huanza kulalamika kwamba milango inachelewa kufunguka na tofali walilolivunja linarudi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na uzi mmoja wa prosesa, yaani mfuatano mmoja wa hesabu kwenye kori moja, kwa hiyo kasi ya kori moja ina uzito kuliko wingi wa kori.

Ingia kwenye mchezo, simama mahali pale pale katika kila jaribio, na uchague mahali penye shughuli nyingi, maana sehemu za dunia zilizo mbali na mchezaji hazihesabiwi. Sisi tulisimama juu ya zizi la kondoo lililo nyuma ya msikiti. Subiri dakika tano, kisha andika amri ya tick query, iliyopo katika mchezo wenyewe tangu toleo la 1.20.3, ambayo hutoa wastani wa milisekunde kwa pigo. Baada ya hapo andika tick sprint 1200, na seva itakimbiza mapigo 1200, yaani dakika moja ya mchezo, kwa kasi yote iliyonayo na kukuarifu ilitumia milisekunde ngapi kwa kila pigo. Rudia mara tatu na uandike daftarini.

Hatua ya nne: soma matokeo kwa makini

Kwenye kompyuta yetu Paper iliongoza, Fabric yenye Lithium ikafuata kwa karibu, na NeoForge bila modi yoyote ikawa sawa na mchezo wa asili, kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa kazi yake ni kubeba modi wala si kuharakisha.

Hata hivyo sehemu ya ushindi wa Paper inatokana na kufanya kazi kidogo zaidi. Imerithi kutoka Spigot utaratibu wa kuwapumzisha viumbe walio mbali na mchezaji: kwa mpangilio wa kawaida, mnyama aliye zaidi ya matofali 32 kutoka kwako huhesabiwa kwa uchache sana. Tuliliona hilo kwa macho kwenye zizi. Kijana mmoja alisogea hadi ng'ambo ya ukuta wa makaburi, na kondoo waliokuwa wakizunguka wakatulia, wakawa wanajisogeza mara moja moja. Lithium haifanyi hivyo. Yenyewe huharakisha hesabu bila kubadili tabia ya mchezo. Paper pia imefunga hitilafu ambazo watengenezaji wa mitambo huzitegemea, kama ile ya kuzidisha baruti za TNT, na mwenye kuzitaka hulazimika kuzifungua katika mipangilio.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Penye simu nyingi na watoto wengi wasiojuana vizuri, chukua Paper, kwa sababu ya Geyser na kwa sababu plagini kama CoreProtect huandika nani alivunja nini na kukuwezesha kurudisha. Penye watu wachache wenye kompyuta wanaopenda mitambo inayofanya kazi sawasawa na mchezo wa asili, chukua Fabric. NeoForge ichukue pale tu ambapo mmekubaliana juu ya mkusanyiko wa modi maalumu uliotengenezwa kwa ajili yake.

Hatua ya tano: ukihama, hama na folda zote

Sehemu hii naiandika kwa uchungu. Desemba moja tulihama kutoka Paper kwenda Fabric kwa kunakili folda ya world peke yake. Dunia ya juu ilikuwa salama, lakini kijana mmoja alipoingia Nether, dunia ya pili ya mchezo huo, alikuta jangwa jipya: njia yake ya reli haikuwapo, wala ghala lake. Alikaa kimya mbele ya skrini, na sikuwa na la kumwambia.

Hakuna kilichokuwa kimepotea. Katika matoleo hayo ya 1.21 Paper hutenganisha dunia tatu za mchezo (ya juu, Nether na End) katika folda tatu, wakati Fabric na mchezo wa asili huziweka zote ndani ya world. Unachopaswa kufanya ni kuzima seva, kuchukua folda ya DIM-1 kutoka ndani ya world_nether na kuiweka ndani ya world, kisha kuchukua DIM1 kutoka world_the_end na kuiweka hapo hapo. Ukihamia Paper kutoka mchezo wa asili, yenyewe huzipanga upya bila kuombwa. Kutoka ndiko kwenye kazi. Na dunia iliyokwisha kujengwa kwa modi haina njia hiyo, kwa sababu ukiiondoa modi, matofali yake yote hutoweka nayo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Pangani: Shikamoo mwalimu. Umeme hukatika kwetu mara kwa mara. Je, kuna jukwaa linalostahimili zaidi?

Marahaba mwanangu. Hakuna unaloweza kulitegemea kwa hilo. Tegemea nakala za akiba. Andika save-off ili seva iache kuandika diskini yenyewe, kisha save-all flush ili ihifadhi kila kitu, nakili folda zote za dunia kwenye diski nyingine, halafu andika save-on. Usinakili bila save-off, kwani unaweza kupata faili lililoandikwa nusu. Sisi hufanya hivyo kila jioni kabla ya kuzima.

Mwanachama wa Muheza: Nimeambiwa zipo seva za mseto zinazobeba modi na plagini pamoja. Kwa nini hukuzitaja?

Zipo, na zinawaka. Shida ni siku zitakapoharibika: waandishi wa plagini watakwambia tatizo ni modi, waandishi wa modi watakwambia tatizo ni plagini, na wote watakuwa na haki ya kukataa kukusaidia. Ukihitaji vyote viwili, tazama Sponge, ambayo ina njia yake ya plagini juu ya NeoForge, ingawa plagini za Paper haziingii humo.

Mwanachama wa Raskazone: Kaka, nikizima online-mode ili kila mtu aingie bila akaunti, kuna ubaya gani?

Yeyote ataweza kuingia kwa jina lako, hata jina la msimamizi, bila kuulizwa. Zaidi ya hayo, vitambulisho vya wachezaji wote hubadilika, na kila mmoja ataingia akiwa mikono mitupu kama mgeni. Wenye simu watumie Floodgate.

Mwanachama wa Korogwe: Je, faili za modi zinaweza kuwa na virusi?

Ndiyo. Mwezi Juni 2023 programu hasidi iliyopewa jina la fractureiser ilipenyezwa katika modi na plagini zilizokuwa kwenye CurseForge na kwenye tovuti ya plagini za Bukkit. Pakua kwenye ukurasa wa mwandishi mwenyewe, usipokee faili linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na uiwashe seva kwa akaunti ya kompyuta isiyo na mamlaka ya msimamizi.

Mwanachama wa Chumbageni: Shikamoo. Shuleni kwetu hatuna fedha za kununua akaunti hata moja. Tufanye nini?

Marahaba. Tazameni Luanti, iliyoitwa Minetest hadi Oktoba 2024. Ni ya bure, ina leseni huru, inafanya kazi kwenye Android, na modi zake, zinazoandikwa kwa lugha ya programu ya Lua, huwekwa kwenye seva tu, kisha seva yenyewe humtumia mchezaji vinavyohitajika anapoingia. Dunia yake si ya Minecraft na hamtaweza kuihamisha baadaye kwa urahisi, kwa hiyo amueni kabla ya kuweka tofali la kwanza. Mkiwa tayari njooni na diski, nitawapa mipangilio tuliyoijaribu hapa.