Mambo ya kuzingatia kabla ya safari ndefu ya meli, kwa mke na mume wanaotokea Mwanza

Watu wa Mwanza tuna ugonjwa mmoja: tukisikia neno meli, tunajiona tumeshafuzu. Tumekua tukizitazama zikitoka bandari ya Kaskazini jioni, tumevuka Kamanga mara zisizo na hesabu, tumekwenda Nansio msibani tukakaa siku tatu na kurudi bila kuuliza mtu. Kwa hiyo mimi na mzee wangu tulipoamua kutumia sehemu ya kiinua mgongo chake kwa safari ya siku kumi na nne katika Bahari ya Hindi, kuanzia Port Louis kule Morisi kupitia Ushelisheli na Bukini, yaani Madagaska, tulipanga mambo kama watu wanaojua. Kumbe ziwa lilikuwa limetufundisha nusu tu. Haya ninayoandika ni ya nusu ile nyingine.

Anzeni na Bukoba. Kabla ya kulipia chochote kwa dola, kateni tiketi ya chumba cha watu wawili kwenye Victoria, mlale humo usiku mmoja, asubuhi mshuke mle ndizi na kunywa kahawa, kisha mrudi. Kwa gharama ndogo mtajua nani roho inamchafuka, nani anakoroma mpaka anashindana na injini, na kama mnaweza kuishi katika chumba ambacho mmoja akisimama kuvaa suruali, mwenzake hana budi kukaa kitandani. Chumba cha bei nafuu kwenye meli ya kitalii ni kipana zaidi ya kile, lakini si kwa sana, na mtakaa humo wiki mbili. Sisi nyumbani Nyakato tuna vyumba vinne na uwanja. Tulikuwa hatujawahi kugundua kwamba miaka yote hiyo amani yetu ilitunzwa na ukubwa wa nyumba. Siku ya tatu tuligombana juu ya taulo. Siku ya nne tukakubaliana kwamba kila asubuhi kila mtu ana saa zake mbili peke yake, yeye juu kwenye sitaha, mimi popote asipokuwepo. Makubaliano ya namna hiyo yafanyeni mkiwa bado nyumbani, pamoja na lile la fedha: nani anatumia kiasi gani bila kumwuliza mwenziwe.

Mawimbi nayo si yaleyale. Ya ziwani ni mafupi, yanagonga ubavu wa chombo na kupita. Ya baharini ni marefu na ya polepole, yanakunyanyua na kukushusha hadi tumbo linasahau lilipokuwa. Chagueni chumba cha katikati ya meli na cha sitaha za chini, ndipo inapoyumba kidogo zaidi. Vyumba vya juu vyenye baraza ni vya kupigia picha. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla chombo hakijaanza kucheza; ukisubiri mpaka utapike, utaitapika nayo. Tangawizi inasaidia wengine, mzee wangu haikumsaidia hata kidogo.

Kuhusu majira, jueni kwamba meli nyingi za kitalii huja pande za visiwa vile kati ya Novemba na Aprili, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi. Nahodha akiona hali si nzuri anaruka bandari, na ukisoma mkataba vizuri utakuta umekubali hilo kwa saini yako. Basi msilipie mapema gari au mwenyeji wa bandarini kwa fedha isiyorudishwa.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo safari nyingi hufia kabla ya kuanza. Pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai baada ya siku ya kurudi, na kurasa tupu za kutosha, kwa sababu kila bandari inaweza kugonga muhuri wake. Jina la kwenye tiketi liwe sawa na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Wanawake tulioolewa tunalijua tatizo hili: pasipoti ina jina la baba yangu, kitambulisho cha NIDA hivyo hivyo, lakini mtoto aliyetukatia tiketi akaandika jina la baba yake, kwani mama si ndivyo anavyoitwa kanisani? Kurekebisha kulitugharimu wiki moja na fedha ambazo sitazitaja hapa asije akasoma.

Viza ziangalieni bandari kwa bandari, si nchi mnayoanzia tu. Meli inaweza kumkatalia abiria kupanda kwa sababu amekosa kibali cha bandari moja, hata akiapa kwamba hatashuka pale. Mfano mzuri ni Réunion. Ni kisiwa cha Ufaransa, lakini hakimo ndani ya eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mtu mwenye viza ya kwenda Paris asidhani ameshamaliza. Waandikieni wenye meli mkiwa na pasipoti ya Tanzania mkononi, wawajibu kwa maandishi. Orodha za mitandaoni zimeandikiwa wenye pasipoti za Ulaya.

Ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano nayo ina hesabu zake. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote, hivyo kama ulichanjwa zamani na kadi unayo, huna haja ya kurudia. Nchi nyingi huidai kwa mtu aliyetoka au aliyepitia nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya na Uganda zinahesabiwa humo. Ukiunganisha ndege Nairobi ukakaa muda mrefu uwanjani, swali litakuhusu. Aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa azungumze na daktari kwanza, kwa sababu chanjo hii kwa wazee hupimwa faida na hatari yake. Na msikubali kadi bila sindano, hata kama anayeileta ni shemeji.

Jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni la homa. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumeishi na malaria mpaka tunaizungumzia kama jirani. Lakini Morisi na Ushelisheli hazina malaria ya kwao, na daktari wa melini anaweza kuwa ametokea nchi ambako aliisoma kitabuni tu. Mbu aliyekuuma Nyakato usiku wa kufunga mabegi anaweza kukuletea homa siku ya kumi, ukiwa katikati ya bahari, na daktari huyo akakupa dawa ya mafua. Kwa hiyo mtamkieni kabla hajauliza: natokea Ziwa Victoria, nipime malaria. Bebeni vipimo vya haraka viwili vitatu na dozi ya dawa mseto ikiwa kwenye boksi lake, na cheti cha daktari. Mkishuka Bukini malaria ipo, hivyo jioni mavazi ya mikono mirefu na dawa ya kufukuza mbu.

Kule visiwani adui mwingine anauma mchana. Dengue ipo, na chikungunya ipo, ambayo jina lake lilitoka kwetu: ni neno la Kimakonde la kujikunja kwa maumivu ya viungo, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanzania. Mwaka 2005 na 2006 ugonjwa huo uliikumba Réunion, ukampata takriban mtu mmoja kati ya watatu. Maumivu yakija na homa, tumieni panadol. Diklofenaki tunayoizoea kwa kila mgongo unaouma, pamoja na aspirini na ibuprofen, viwekeni kando mpaka dengue ijulikane kwamba haipo, kwa maana huongeza hatari ya kutokwa damu.

Dawa za presha na za sukari ziwe kwenye begi la mkononi, za siku zote na za wiki moja ya ziada. Mabegi makubwa wapagazi huyachukua gatini na yanaweza kufika chumbani usiku. Zahanati ya melini ni ya bei kali, na kadi ya bima ya nyumbani mkiionyesha pale watawatazama tu kwa upole. Kateni bima ya safari inayotaja kusafirishwa kwa dharura kutoka baharini hadi hospitali, maana helikopta inaweza kugharimu nyumba. Kunawa mikono kwa maji na sabuni hatuhitaji kufundishwa, ila jueni kwamba ile dawa ya kupaka mikononi iliyowekwa mlangoni mwa chumba cha chakula haimwezi vizuri kirusi cha kuhara kinachopenda meli. Naweni kabisa.

Simu: wekeni kwenye hali ya ndege mara tu meli inapoacha gati. Mtandao wa melini hupitia setilaiti, na laini ikijiunga yenyewe salio litakwenda kabla hujapiga picha ya kwanza. Fedha za simu hazina kazi kule. Meli haitumii hata noti, kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba na kukatwa benki mwishoni, pamoja na bakshishi ya wahudumu ya kila siku kwa kila mtu. Nendeni benki mkafunguliwe kadi kwa malipo ya nje, na muulize namba za uthibitisho zitawafikiaje laini ikiwa imezimwa.

Halafu saa. Morisi na Ushelisheli wako mbele yetu kwa saa moja, Bukini tuko sawa, na meli ina saa yake ambayo huenda isifuate bandari. Vaeni saa ya mkononi na muiachie saa ya meli. Lakini hilo si lililotuponza. Asubuhi tulipotia nanga Nosy Be, karatasi ya ratiba ilisema boti ya kwenda msitu wa Lokobe kuwaona komba wa Bukini inaondoka 08:00. Mzee wangu akaniuliza kutoka bafuni, sabuni usoni: "Mama, tunaondoka saa ngapi?" Nami, macho kwenye karatasi, nikamjibu, "Saa nane." Akatoka, akajifuta, akajilaza tena. Ni Mswahili, saa nane ni baada ya chakula cha mchana. Nikajilaza nami. Boti tuliiona kwa dirisha ikikata maji, na fedha yetu ikiwa ndani yake. Tangu siku ile kila ratiba niliigeuza kwa kalamu: 08:00 nikaandika saa mbili asubuhi, 16:30 saa kumi na nusu jioni. Kuchelewa boti ni hasara ndogo. Kuchelewa meli yenyewe ni kubaki bandarini mkiwa na kanga na kamera, kwa sababu haisubiri abiria waliotembea kivyao.

Kwa sababu hiyo hiyo msifike mji wa kuanzia siku ile ile ya kupanda. Kutoka Mwanza mtabadili ndege Dar es Salaam na pengine pahala pengine tena. Fikeni siku mbili kabla.

Kuhusu zoezi la usalama sihitaji kusema mengi kwa mtu wa Mwanza. Makaburi ya MV Bukoba yapo Igoma, na kila 21 Mei tunakumbuka mwaka 1996. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 ikiwa imebakiza mita chache kufika gati la Bwisya, Ukara. Wakafa watu 228 kwenye kivuko cha kubeba 101. Kwenye meli ya kitalii kila abiria huonyeshwa kituo chake cha kukusanyika kabla ya kuondoka au mara tu inapoondoka. Wageni wengine walikuwa wakicheka na glasi mkononi. Mzee wangu alitembea kutoka chumbani mpaka kituoni mara tatu, mara ya mwisho akiwa amefumba macho, mkono ukutani. Nilimhesabia hatua: 84.

Mizigo niipite haraka. Pasi, birika la umeme na nyaya za kuunganishia vitanyang'anywa kwa hofu ya moto. Soketi za Morisi na Ushelisheli ni za miguu mitatu kama zetu, za Bukini na Réunion sivyo, na za melini ni mchanganyiko. Dagaa na sato wa kukaushwa acheni. Bandari za visiwani ni wakali kwa vyakula, hata embe moja la kutafuna njiani. Kanga bebeni nne, zinafanya kazi ya taulo, shuka, mtandio na kinga ya baridi ya viyoyozi. Ushelisheli mtaona ile nazi pacha yenye umbo la kuwafanya wazee wacheke. Msiinunue bila cheti cha serikali, itabaki forodhani.

Na mkisharudi, kama ndani ya wiki chache mmoja wenu atapata homa, msiende dukani kununua dawa mseto kwa mazoea. Tulipofika nyumbani mzee wangu alishikwa na maumivu ya magoti na vifundo. Kipimo cha malaria kikaonyesha hana, na kijana wa maabara akataka kumrudisha nyumbani. Nikatoa ile karatasi ya ratiba, yenye kalamu yangu juu yake, nikamwekea mezani majina ya bandari zote na tarehe zake. Akaisoma mara mbili, akainuka, akamwita daktari.