Kupanga Fleti ya Ghorofa ya Mwisho Uhindini, Dar es Salaam: Mwongozo kwa Walio Ughaibuni

Wengi wetu tulio ughaibuni, tunapotafuta makazi ya mwaka mmoja Dar es Salaam, huvutiwa na fleti za juu kabisa katika majengo ya zamani ya Uhindini, yaani Kisutu na mitaa ya Jamhuri, Zanaki na Indira Gandhi, kwa sababu ya vyumba vyake vipana, roshani zake na upepo wa baharini. Hata hivyo, kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani hasa mwenye haki ya kukupangisha.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, mengi yakiwa katika mitaa hii, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye majukumu yake yalihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Ndiyo maana anayejitambulisha kuwa mwenye nyumba huenda naye ni mpangaji wa Shirika, asiyeruhusiwa kumpangisha mtu mwingine bila idhini. Dalali atakushauri utoe kilemba (fedha ya pembeni, nje ya kodi, ya kuachiwa nyumba) ili mambo yaishe, lakini kilemba hakina stakabadhi, na siku mpangaji huyo akiondolewa, nawe unatolewa pamoja naye. Mtume ndugu unayemwamini aende ofisi za Shirika akiwa na namba ya kiwanja na ya fleti, kabla hujatuma hata shilingi. Jengo likiwa la mtu binafsi, aombe kuonyeshwa hati.

Jiandae kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali. Ukitajiwa bei kwa dola kwa kuwa unaishi nje (na utatajiwa), kumbuka kuwa kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Ghorofa ya mwisho ina mambo yake. Paa bapa la zege hufyonza joto mchana kutwa na kulishusha chumbani usiku, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji hupenya kwenye nyufa. Ndugu yako atazame dari kwa makini: madoa ya kahawia, plasta iliyovimba, au nondo zilizochomoza zikiwa na kutu. Dari yenye rangi mbichi juu ya kuta zilizochakaa hunitia shaka kuliko doa lenyewe. Afungue bomba la bafuni saa moja asubuhi, jengo zima linapooga, kisha aulize pampu inayopandisha maji kwenye tangi inatumia umeme wa LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya nani. Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba utarejeshewa, maana ni deni la mwenye jengo. Lifti mara nyingi haipo. Wazazi wazee wasipangiwe huko.

Achungulie pia kiwanja cha jirani. Ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka Machi 2013, na jingine likaanguka Kariakoo Novemba 2024. Pembeni ya shimo la msingi linalochimbwa, mimi nisingepanga.

Mkataba uandikwe kwa jina lako, utaje anayegharamia ukarabati wa paa na muda wa notisi, na usainiwe mbele ya wakili.