Jinsi ya Kuwatazama Pafini Kisiwani Skomer, Wales

1. Chagua mwezi. Pafini ni ndege wa baharini, na hukanyaga nchi kavu wakati wa kuzaliana tu. Skomer huwa nao kuanzia Aprili, na ifikapo Agosti wameshaondoka. Nenda kati ya Juni na katikati ya Julai, wazazi wanapoleta samaki.

2. Kata tiketi mapema. Boti huondoka Martin's Haven, upande wa bara, na idadi ya wageni kwa siku ina kikomo. Upepo ukivuma kutoka kaskazini, boti haiwezi kushusha watu North Haven, mahali pa kuteremkia kisiwani, hata kama jua linawaka. Tenga siku ya akiba.

3. Fungasha. Beba maji na chakula, kwani duka hakuna. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi za milimita 42) inafaa kuliko ya 10x, ambayo hutetemeka sana penye upepo. Kagua begi na usafishe viatu: kisiwa hakina panya wa mijini, na wakiingia watamaliza mayai.

4. Usitoke njiani kamwe. Ardhi yote imetobolewa kwa mashimo ya ndege na sungura. Mguu mmoja ukididimia, shimo huporomoka juu ya kinda, na pafini hutaga yai moja tu kwa mwaka.

5. Pale Wick, penye genge la bahari, wape pafini nafasi. Hapa pafini huvuka njia ya watu kuelekea mashimoni. Chuchumaa pembeni, tulia. Akitua na samaki mdomoni, kisha akasimama akigeuzageuza kichwa, huenda wewe ndiye umemzibia. Rudi nyuma hatua kadhaa. Usiposogea, shakwe humvamia na kumpora samaki, au anaruka tena baharini na kinda linalala njaa. Picha nzuri hupatikana ukimwachia njia: atapita karibu kuliko ulivyotegemea.

6. Inua darubini. Kwenye mwamba wa mbele wamo ndege wengine wa baharini: gilemoti, wa rangi ya kahawia na mdomo mwembamba uliochongoka, na rezabili, weusi wenye mdomo mnene uliopigwa mstari mweupe.

7. Lala kisiwani ukiweza. Shiwota wa Manx, ndege wa baharini wapatao jozi 350,000, hurudi mashimoni usiku kuwakwepa shakwe. Mabawa utakayoyaona njiani mchana ni ya waliokamatwa. Weka nafasi kwenye malazi ya shamba la zamani, usiku usio na mbalamwezi. Tumia tochi ya mwanga mwekundu na uielekeze miguuni, maana shiwota hawatembei vizuri na hukaa katikati ya njia.