Kuuzoesha Mguu Raba Mpya za Kukimbilia

Wengi wetu tulikua na viatu vya ngozi vya shule, vile ambavyo wiki ya kwanza vilichubua kisigino na wiki ya tatu vikawa vimekubali. Kwa sababu hiyo, mtu anayeanza kukimbia hudhani kwamba raba zinazombana zitalegea zenyewe akizivumilia. Hazilegei hivyo. Kitambaa cha juu cha raba nyingi za siku hizi hufumwa kwa nyuzi zisizotanuka kama ngozi, na sponji ya soli hubadilika kidogo tu siku za mwanzo. Kinachohitaji muda ni mguu wenyewe: misuli ya chafu (shavu la mguu), kano ya nyuma ya kisigino na mifupa midogo ya wayo, ambayo kwa mkimbiaji mgeni haijazoea kupokea kishindo cha mwili mzima mara elfu kadhaa ndani ya nusu saa.

Basi hakikisha kwanza kwamba raba inakutosha, maana isiyotosha haizoeleki. Ijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo baada ya shughuli za kutwa, ukiwa na soksi zile zile utakazokimbia nazo. Ukiwa umesimama, kati ya kidole kirefu kuliko vyote na ncha ya kiatu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Ikiwa mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, na kwa watu wengi ndivyo ulivyo, saizi iufuate ule mkubwa.

Anayenunua mtumba, nami simlaumu kwa kuwa bei ya raba mpya dukani inajulikana, ana kazi ya ziada. Aziweke juu ya meza na kuzitazama kwa nyuma: zikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshaziachia mwendo wake. Aikague pia gundi kuzunguka soli yote, kwa sababu raba iliyokaa ghalani miaka mingi huweza kubanduka baada ya mbio chache hata kama juu inang'aa.

Siku mbili tatu za mwanzo zivae nyumbani na unapokwenda dukani, ili ugundue mapema mshono unaosugua. Kisha kimbia kwa dakika 15 tu mahali tambarare, ukibadilishana dakika mbili za kukimbia polepole na moja ya kutembea, mara tatu kwa wiki, pawe na siku ya kupumzika katikati. Ukiona miguu imetulia, ongeza dakika tano kila wiki. Kama unazo raba za zamani ambazo hazijachakaa, zipokezane na hizi mpya badala ya kuzitupa siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni kimo cha kisigino, yaani tofauti ya unene wa soli kati ya nyuma na mbele. Raba nyingi za kawaida zina tofauti ya milimita 8 hadi 12, nyingine zina 4, na zipo zilizo sawa kabisa. Kadiri tofauti inavyopungua, ndivyo chafu na kano ya kisigino zinavyobeba kazi zaidi, kwa hiyo anayetoka kwenye milimita 10 kwenda 4 ajipe wiki kadhaa, hata kama pumzi yake inamruhusu kwenda mbali. Pumzi huimarika upesi kuliko kano, na hapo ndipo wanaoanza wengi huumia.

Kisigino kikichomoka, usikaze kamba zote. Pitisha kila ncha katika tundu la mwisho la upande wake ufanye kitanzi kidogo, kisha vusha kila ncha katika kitanzi cha upande wa pili, vuta, ndipo ufunge. Vidole vikifa ganzi, kamba zimekaza mno, zilegeze. Soksi nene za pamba hunywa jasho na kuleta malengelenge, kwa hiyo chagua nyepesi za nailoni.

Maumivu hafifu ya misuli katika miguu yote miwili, yanayokwisha baada ya siku mbili, ni ya kawaida. Maumivu makali ya mahali pamoja, hasa juu ya mfupa, au ya kisigino unapokanyaga sakafu asubuhi, si ya kuvumiliwa: pumzika, na yakiendelea muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Aliyejiandikisha kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon asifungue boksi la raba asubuhi ile pale Moshi. Njia ya mbio hizo hupanda kuelekea Mweka kisha hurudi kwa mteremko mrefu, na mteremko husukuma vidole mbele kwenye ncha ya kiatu. Wiki chache kabla, tafuta kilima karibu na kwako ukishuke mara kadhaa ukiwa nazo mguuni, kisha ukifika nyumbani vua soksi utazame kucha: iliyoanza kuwa nyeusi inakuambia kwamba saizi ni ndogo, ungali na muda wa kutafuta nyingine.